Mtoto wa Mbwa Anayechafua Kizimba Chake Mwenyewe

Msomaji mmoja wa Upanga, Dar es Salaam, ameniuliza hivi: "Ninaishi ghorofa ya tatu. Wiki mbili zilizopita nilinunua mtoto wa mbwa dume, chotara wa German Shepherd, kwa muuzaji wa kando ya barabara aliyekuwa amemfungia na wenzake sita katika tundu moja la waya. Aliniambia ana miezi miwili. Nikashauriwa kununua kizimba kikubwa cha chuma ili kimtoshe hata akikua, kwa maelezo kwamba mbwa hachafui mahali anapolala. Huyu wangu anachafua. Ninaondoka saa 1 asubuhi na kurudi saa 11 jioni, na kila siku namkuta amelowa mkojo na amekanyaga choo chake. Usiku analia mpaka jirani anagonga ukuta. Binti anayenisaidia kazi za nyumbani, ambaye hushinda naye lakini nimemkataza kumfungulia, anasema nimsugue pua kwenye mkojo ili apate adabu. Je, kizimba ndicho kisichofaa, au mbwa wangu ana kasoro?"

Ndugu msomaji, katika maelezo yako sioni kasoro ya mbwa, wala kizimba hakina hatia. Tatizo ni kwamba umekikabidhi kizimba kazi ya ualimu, na kizimba hakijui kufundisha. Kinachoweza kufanya ni kumzuia mtoto wa mbwa kwa muda mfupi, baada ya kutolewa nje mara moja na kabla ya kutolewa tena, ili asizurure chumbani na kujisaidia nyuma ya kochi wakati hakuna anayemwangalia. Mwalimu ni yule anayefungua mlango kwa wakati, akamfikisha mahali panapotakiwa, akamngoja na kumpongeza. Nyumbani kwako, kwa saa 10 mfululizo kila siku ya kazi, mwalimu huyo hayupo, ingawa mtu anayeweza kuifanya kazi hiyo yupo jikoni na amekatazwa kuifanya.

Uliyeambiwa kwamba mbwa hachafui mahali anapolala, umeambiwa kweli, lakini kweli iliyokatwa mkia. Mtoto wa mbwa anapozaliwa hawezi hata kujisaidia bila msaada. Mama humlamba sehemu za nyuma ili mkojo na choo vitoke, kisha hula uchafu huo, na ndiyo maana tandiko la mbwa mwenye watoto wachanga mara nyingi huwa safi kuliko tunavyotarajia. Wanapofikia wiki ya tatu hivi, wakaanza kusimama na kutembea, hujikokota kutoka pale walipolala na kujisaidia pembeni. Tabia hiyo huimarika kadiri nafasi inavyoruhusu, na kuanzia wiki ya saba hadi ya tisa hivi huanza kuchagua aina ya sakafu: aliyezoea majani hutafuta majani, na aliyezoea saruji hutafuta saruji. Sasa fikiria mtoto aliyeipitisha sehemu ya wiki hizo katika tundu la waya pamoja na wenzake sita. Alipotaka kujitenga hapakuwa na pa kwenda, akajisaidia alipolala, akalala alipojisaidia, na baada ya siku kadhaa akaacha kusumbuliwa na hali hiyo. Kwa hiyo silika ambayo kizimba huitegemea, kwa mbwa wako imefifia. Nimeona watoto wengi wa mbwa wa namna hii, na huirejesha, lakini huchukua muda mrefu kuliko mwenzao aliyekulia uani kwa mama yake, na wala hawairejeshi kwa kufungiwa zaidi.

Kosa la pili ni ukubwa wa kizimba. Cha mtu mzima kinampa mtoto wa miezi miwili chumba na choo kwa pamoja: pembe moja analala, pembe nyingine anakojoa. Kizimba kinachofaa kwa kazi hii ni kile ambamo mbwa anaweza kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka, na kulala amejinyoosha ubavu, basi. Huna haja ya kununua kingine. Mwombe fundi akukatie kipande cha ubao au cha wavu wa waya kitakachosimama katikati kama kizuizi, ukisogeze nyuma kila baada ya wiki mbili au tatu kadiri anavyokua. Ukichagua ubao, upakwe rangi ya mafuta pande zote, kwa sababu ubao mtupu hufyonza mkojo na harufu haitoki tena. Lakini kizuizi hicho usikiweke leo. Kumbana katika nafasi ndogo mbwa ambaye bado anajisaidia alipolala ni kumlazimisha aogelee katika mkojo wake, na huko ni kumkamilishia somo alilolianza kwa muuzaji.

Kosa la tatu, na ndilo zito, ni saa. Kuna kipimo ambacho sisi wenye kazi hii hukitumia: umri wa mbwa kwa miezi, ongeza moja, ndiyo saa nyingi kabisa anazoweza kuzuia mkojo akiwa ametulia. Mbwa wa miezi miwili ni saa 3, na hicho ni kikomo, si ratiba. Akiwa macho, amekula, amekunywa na kucheza, dakika 45 zinaweza kuwa nyingi. Usiku huenda akafika saa 3 au 4 kwa sababu mwili umepumzika. Saa 10 hakuna mtoto wa mbwa wa umri huo anayeziweza, awe wa kando ya barabara au wa mfugaji mwenye vyeti ukutani. Hapo hapana suala la utii. Kibofu kimejaa, na misuli ya kukifunga haijakomaa.

Nadhani ni haki nikwambie pia kwamba si kila nchi inakubali matumizi haya. Uswidi na Ufini, sheria za ustawi wa wanyama haziruhusu mbwa kuwekwa kizimbani nyumbani kama jambo la kila siku. Kizimba kidogo kimeachiwa safari na hali chache maalumu. Marekani nako ni kifaa cha kawaida katika nyumba nyingi zenye mbwa. Mimi nimesimama katikati: kizimba ni chombo kizuri kikihesabiwa kwa dakika na saa chache, na ni jela kikihesabiwa kwa siku nzima ya kazi.

Tuje kwenye la kufanya. Kuanzia kesho, mchana mbwa huyu asifungiwe kizimbani peke yake. Mtengee sehemu ya jikoni au kibaraza chenye kivuli, uizungushie uzio mdogo, nafasi ya kama meta 2 kwa 2. Upande mmoja weka kizimba kikiwa wazi, mlango umeshikizwa kwa kamba usijifunge wala kumpiga, na maji karibu. Upande wa mbali kabisa weka sinia pana la plastiki lenye mchanga, au kipande cha majani kilichochimbwa pamoja na udongo wake. Watu wengi hutandika magazeti, nami siyapendi kwa nyumba yenye vigae, kwa kuwa gazeti ni jembamba na laini, na mbwa anayejifunza kukojoa juu ya kitu chembamba na laini baadaye huona mkeka na zulia ni vilevile. Mchanga na majani ndivyo atakavyovikuta chini uani, kwa hiyo somo la juu linaendana na somo la chini. Kwa kumpa nafasi ya kulala huku na kujisaidia kule, unamrudishia uamuzi ambao tundu la muuzaji lilimnyima. Mbwa kama wako anaweza kuanza kulitafuta sinia mwenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Kazi kubwa iliyobaki ni ya binti, na hapa nakusihi uzungumze naye kwa heshima, umweleze sababu, na kama inawezekana umwongezee kitu kidogo katika mshahara, maana unamwongezea kazi. Nyakati ambazo mtoto wa mbwa lazima apelekwe mahali pa kujisaidia zinajulikana: mara tu anapoamka, hata kama amelala dakika 20 tu, mara baada ya kucheza, baada ya kunywa maji mengi, na baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula, utumbo mkubwa husukumwa kufanya kazi, na choo huja ndani ya dakika 5 hadi 30. Nje ya nyakati hizo, apelekwe kila baada ya saa moja akiwa macho. Dalili nazo zipo: anaacha ghafla alichokuwa akikichezea, ananusa sakafu, anazunguka, au anaelekea mlangoni. Wekeni daftari jikoni, na kila anapojisaidia iandikwe saa na mahali. Mtaiona ratiba yake baada ya siku tano, na mtaanza kumwahi badala ya kumfukuzia.

Kuhusu kumshusha chini, mbebe mikononi. Miguu ya mtoto wa mbwa ikigusa ngazi tu baada ya kulala, hukojoa papo hapo, na ngazi za ghorofa ni za wote. Katika majengo ya Upanga una majirani Waislamu wengi, na kwa wanaofuata madhehebu ya Shafi, kama ilivyo kwa wengi wa pwani yetu, unyevu wa mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mkojo kwenye ngazi kwa jirani wa namna hiyo si uchafu wa kawaida, unamharibia swala. Kumbeba mbwa kunakulindia ujirani kuliko maelezo yoyote utakayoyatoa baadaye.

Ipo sababu nyingine ya kumbeba. Virusi vya parvo, vinavyoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, hukaa hai katika udongo kwa miezi mingi, na mbwa wako bado hajamaliza chanjo. Chanjo hizo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa anapokuwa na miezi mitatu hivi. Mpaka hapo, asikanyage kona wanakopita mbwa wa mitaani. Kama ua wa jengo lenu hauna geti linalofungwa, endeleeni na sinia la mchanga bila kuona haya.

Mkifika mahali penyewe, binti au wewe msimame, msizungumze, msicheze naye. Apewe dakika tano. Akianza kukojoa, sema neno moja kwa sauti ya chini, "kojoa" au lolote mtakalokubaliana, na lisibadilike kati yako na binti. Akimaliza tu, kabla hajapiga hatua mbili, apewe kipande kidogo cha nyama iliyochemshwa, kiasi cha ncha ya kidole. Zawadi inayotolewa juu ghorofani inampongeza kwa kupanda ngazi. Kisha, na hili watu hulisahau, bakini hapo dakika chache acheze. Mbwa anayerudishwa ndani kila anapomaliza kukojoa hujifunza haraka kwamba kukojoa ndiko kunakoua starehe, akaanza kubana ili abaki nje. Akikataa kujisaidia ndani ya dakika tano, rudini naye, akae mapajani au kizimbani dakika 10 mbele ya macho yenu, kisha mjaribu tena. Akishajisaidia, anastahili kutembea huru chumbani kwa dakika 30 au 40, na mtu akimwangalia.

Kizimba chenyewe utamfundisha kukipenda taratibu, mlango ukiwa wazi. Milo yake yote iwekwe ndani, mwanzoni karibu na mlango, kisha ndani zaidi. Siku akiingia mwenyewe bila kusita, sukuma mlango anapokula na uufungue kabla hajamaliza. Halafu sekunde 30 baada ya kumaliza, halafu dakika 2, halafu 5, huku ukikaa karibu. Akianza kulia ujue umekimbia. Rudi hatua moja. Ondoa kwa sasa godoro na vitambaa vizito, kwa sababu kitambaa kinachofyonza mkojo humwacha mkavu, naye akakifanya choo. Atandikiwe kitu kinachofutika, kama mpira mwembamba, na godoro lirudi baada ya wiki mbili bila ajali. Hapo ndipo wakati wa kile kizuizi. Na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, hasa Desemba mpaka Machi, kizimba kisikae kibarazani panapopigwa jua wala kufunikwa shuka zito. Mbwa hujipoza zaidi kwa kuhema, na hewa iliyosimama inamshinda. Usitegemee feni peke yake, kwani umeme ukikatika yeye hana pa kuhamia.

Usiku ndiko unakoweza kutumia kizimba kuanzia sasa, kwa masharti. Kiweke kando ya kitanda chako. Mbwa huyu alikuwa akilala amebanana na wenzake sita, na ghafla amewekwa sebuleni gizani. Kilio chake kwa sehemu kubwa ni upweke, na mkono wako ukining'inia karibu na waya utakitibu kuliko karipio. Apelekwe mara ya mwisho saa 5 usiku. Tega saa ikuamshe saa 8, umpeleke kabla hajalia, kimya kimya, taa ndogo, bila mchezo, kisha umrudishe. Tena saa 11 alfajiri. Siku saba zikipita bila ajali, sogeza ile ya saa 8 mbele kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili, mpaka ikutane na ya alfajiri. Akiwa amelala kimya kisha akaamka na kulia, mchukulie kwamba ana haja na umpeleke. Ushauri wa kumwacha alie mpaka anyamaze haukufai, kwa sababu kwa mbwa asiyejali kulala kwenye uchafu, kunyamaza kunaweza kumaanisha amekwisha kukojoa.

Chakula nacho kina sehemu yake. Kama wengi tunavyofanya, huenda unampa ugali wa dona na dagaa. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi humpa kiu, na kiu inakuwa mkojo. Waloweke na kumwaga maji mara mbili kabla ya kuwachemsha. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha watoto wa mbwa wengi, hivyo yaache kwa sasa. Ale mara tatu kwa saa zilezile, na kilichobaki kiondolewe baada ya dakika 20, kwa kuwa mbwa anayekula kidogo kidogo kutwa hujisaidia kidogo kidogo kutwa. Maji asinyimwe kamwe. Unachoweza kufanya ni kuondoa bakuli saa moja kabla ya kulala, usiku usio na joto kali.

Sasa hilo la pua. Mwambie binti kwamba hata wazee wetu walifanya hivyo na mbwa wengine wakajifunza, lakini walijifunza kwa sababu walikua uani, si kwa sababu ya pua. Mbwa hawezi kuunganisha adhabu ya sasa na mkojo wa saa mbili zilizopita. Anachokiunganisha ni mtu aliyemshika na hofu aliyoipata, na hitimisho lake ni kwamba kukojoa mbele ya mtu ni hatari. Matokeo yake ni mbwa anayejificha chini ya kitanda kukojoa, na anayegoma kukojoa uani kwa sababu umesimama naye. Wengi husema, "Lakini anajua amekosa, mtazame uso wake." Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, aliupima uso huo: mbwa walikatazwa kula kitu, kisha wenye mbwa wakaambiwa, wakati mwingine kwa uongo, kwamba mbwa amekula. Uso wa hatia ulitokea zaidi mbwa alipokaripiwa, iwe alikula au hakula. Kwa maneno mengine, anausoma uso wako. Ukimkuta anakojoa, piga kofi moja la mikono hewani ili asite, mnyanyue, mpeleke. Ukikuta amekwisha maliza, futa na unyamaze.

Katika kufuta, kausha kwanza kwa kitambaa, osha kwa maji na sabuni, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, hasa katika mistari kati ya vigae ambako mkojo hujificha. Dawa zenye amonia zina harufu inayofanana na ya mkojo, na humwita arudi palepale. Dawa ya klorini usimwage juu ya mkojo ambao haujaoshwa, kwani vikichanganyika hutoa mvuke unaochoma mapafu, yako na yake, wala usiichanganye na siki. Choo kwenye mchanga kiokotwe siku hiyohiyo, maana mayai ya minyoo ya mbwa huhitaji siku au hata wiki kadhaa udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, na anayewahi kuokota huwalinda pia watoto wa jengo wanaocheza hapo.

Jambo ambalo kwa haki lingestahili kutangulia nimeliacha hapa ili usilisahau. Wiki hii mpeleke kwa daktari wa mifugo, ukiwa na choo chake cha asubuhi hiyo katika kichupa safi. Mtoto wa mbwa wa kando ya barabara karibu kila mara ana minyoo, na pengine vijidudu vya giadia, na mbwa anayehara hawezi kufundishwa wapi pa kuharia. Mwambie daktari kama anakojoa matone matone kila baada ya dakika chache, kama anachuchumaa bila kitu kutoka, kama mkojo una damu, au kama anakunywa maji kupita kiasi, kwa sababu hizo ni dalili za ugonjwa, na ratiba yangu yote haitaziondoa. Mwombe pia akadirie umri wake kwa meno. Wauzaji huongeza wiki ili mteja aone amepata mbwa aliyekomaa kidogo, na kama huyu wako alikuwa na wiki sita ulipomchukua, basi ndiyo kwanza sasa anatimiza miezi miwili, na zile saa 3 nilizozitaja usizizidishe hata kidogo.